Petroli na Dizeli katika Gari Kuukuu la Magurudumu Manne

Uimara wa injini ya gari kuukuu una vipimo viwili, na mara nyingi watu huvichanganya. Cha kwanza ni kudumu: injini itatembea kilomita ngapi kabla ya kufunguliwa na kufanyiwa ovahoo. Cha pili ni kutokwama: safari itakatika mara ngapi njiani na, ikikatika, kama gari litaondoka hapo lilipo bila kuvutwa. Injini inaweza kufaulu kipimo kimoja ikafeli kingine. Ndiyo maana ubishi kati ya wapenzi wa petroli na wapenzi wa dizeli haumaliziki. Wa dizeli anahesabu kilomita, wa petroli anahesabu bili ya fundi, na kila mmoja ana haki kwa kipimo chake.

Gari linalofaa kuzilinganisha ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 80, mojawapo ya magari ambayo Watanzania waliyaita mashangingi. Liliingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuachia nafasi mfululizo wa 100 mwaka 1998. Chini ya boneti yake zilifungwa, miongoni mwa nyingine, injini tatu: 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo; 1HD-T, dizeli ya ukubwa huohuo yenye turbo; na, kuanzia 1992, 1FZ-FE, petroli ya lita 4.5. Zote zina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na zilitoka kampuni moja katika kipindi kimoja. Kwa kuwa bodi na uzito wa gari havitofautiani sana, kinachobaki kupimwa ni injini yenyewe. Injini ya 1HZ ilifungwa pia katika Land Cruiser za mfululizo wa 70, yaani hadtopu na pikapu, ambazo mashirika ya misaada, hospitali za vijijini na kampuni za utalii zimezitumia Afrika kwa zaidi ya miaka 30.

Moto unavyowashwa

Katika injini ya petroli ya mapigo manne, ambayo Mjerumani Nikolaus Otto aliiunda mwaka 1876, hewa na mafuta huingia kwenye silinda vikiwa vimechanganyika. Pistoni huubana mchanganyiko huo, kisha cheche ya plagi huuwasha. Mbano hauwezi kuwa mkubwa, kwa sababu petroli ikibanwa kupita kiasi hulipuka yenyewe kabla ya wakati na kuigonga pistoni. 1FZ-FE hubana mara 9. Katika injini ya dizeli, ambayo Rudolf Diesel aliifanyia majaribio yaliyofaulu mjini Augsburg mwaka 1897, hewa huingia peke yake na kubanwa mpaka ikapata joto la kuwasha mafuta bila cheche yoyote. Dizeli hunyunyizwa pistoni inapokaribia kufika juu. 1HZ hubana zaidi ya mara 22.

Kutokana na tofauti hiyo hufuata nyingine nyingi. Injini inayobana mara 22 haina budi kuwa na bloku nzito, krenki nene, beringi pana na pistoni imara, la sivyo itapasuka. Uzito huo wa chuma ndio unaoifanya dizeli idumu. Dizeli pia huzunguka polepole: 1HZ hutoa nguvu yake yote kwenye mizunguko 3,800 kwa dakika, na 1FZ-FE kwenye 4,600. Nguvu ya kuvuta ya 1HZ hufikia kilele kwenye mizunguko 2,200 hivi, ile ya 1FZ-FE kwenye 3,200. Gari la dizeli linapopanda tope likiwa na mzigo halihitaji kulialia, na pistoni zake husafiri umbali mdogo kwa kazi ileile.

Mafuta yenyewe nayo yana tabia zake. Dizeli ina utelezi, na hulainisha sehemu inazopita. Petroli huyeyusha mafuta mengine. Asubuhi injini ikiwa baridi, petroli isiyoungua huosha utando wa oili kwenye kuta za silinda, na ringi zikasuguana na chuma kitupu kwa muda. Gari la petroli linalofanya safari fupi za kwenda sokoni na kurudi huchakaa kwa njia hii kuliko lile linalokwenda mbali kila wiki. Dizeli nayo huacha masizi kwenye oili, na ndiyo sababu oili yake huwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa. Masizi hayo hula beringi na kuziba njia za oili mmiliki akichelewa. Kwa dizeli kuukuu, kubadilisha oili na filta kila kilomita 5,000 ni sharti. Petroli inaweza kuvumilia kuchelewa kidogo, dizeli haisamehe.

Kwa kipimo cha kudumu, basi, dizeli ya zamani isiyo na turbo inaongoza. 1HZ iliyotunzwa kupita kilomita 500,000 bila kufunguliwa si jambo la kushangaza. Hata hivyo pengo si kubwa kama inavyodhaniwa. 1FZ-FE ina bloku ya chuma cha kusubu na cheni ya taimingi badala ya mkanda, na ikipata oili safi na maji ya kutosha hupita kilomita 400,000. Katika Oman na nchi nyingine za Ghuba, ambako petroli imekuwa rahisi kwa miaka mingi na mchanga wa jangwani unataka injini inayozunguka kwa kasi, Land Cruiser na Nissan Patrol za petroli ndizo zilizojijengea sifa ya uvumilivu ambayo Afrika Mashariki huipa dizeli.

Petroli inapokwamia

Udhaifu wa petroli uko kwenye umeme. Injini hii inahitaji cheche kila mara silinda inapofika zamu yake, na cheche hiyo hutegemea betri, koili, distribyuta, waya za plagi na plagi zenyewe. Kimoja kikifa, injini hukosa mapigo au huzima. Maji yakirukia distribyuta kwenye kivuko cha mto, gari huzima palepale katikati ya mto. Alteneta ikifa, gari la petroli huendelea mpaka betri iishe, kisha husimama. Pampu ya petroli iliyo ndani ya tangi, inayoendeshwa kwa umeme, nayo huweza kufa bila dalili ndefu.

Jambo la kufariji ni kwamba hitilafu nyingi za aina hii ni ndogo na hurekebishika. Plagi, waya na koili hupatikana katika maduka ya spea ya mji wowote wa wilaya, na fundi wa kawaida huzitambua kwa kusikiliza na kwa kukagua cheche. Maji yaliyoingia kwenye distribyuta hukaushwa kwa kitambaa, na safari ikaendelea. Injini ya petroli kwa kawaida husimama kwa sababu ya kitu cha bei ndogo.

Mifumo ya mafuta hutofautiana kwa umri. Magari ya petroli ya miaka ya 1980 na kurudi nyuma mengi yana kabureta, ambayo fundi anaweza kuifungua juu ya turubai na kuisafisha. Kabureta hupoteza mafuta na huchokoza kwenye miinuko, kwa kuwa hewa huwa nyepesi na mchanganyiko ukawa mzito kupita kiasi. Gari lililorekebishwa Mombasa hunuka petroli likifika Nairobi, takribani mita 1,700 juu ya bahari. Mifumo ya kunyunyiza kwa kompyuta, kama ya 1FZ-FE, hujirekebisha yenyewe na huwa imara kuliko inavyoogopwa. Inachoshindwa kuvumilia ni waya zilizokatwa na kuungwaungwa na mafundi wa redio na ving'ora.

Injini za petroli za miaka ya 1960 na 1970 zina suala lake. Ziliundwa wakati petroli ilikuwa na risasi, ambayo ilikinga vitako vya valvu visichakae. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006. Injini za kale zenye vitako laini, zikiwemo za Land Rover za zamani, zinahitaji kubadilishiwa vitako hivyo kwa vya chuma kigumu hedi inapofunguliwa.

1FZ-FE ina udhaifu wake unaojulikana: mpira mfupi wa maji ya hita ulio nyuma ya injini, mahali ambapo hauonekani kwa urahisi. Mpira huo huzeeka kimyakimya, hupasuka, na maji yote humwagika. Dereva asipoangalia geji ya joto, gasketi ya hedi huungua, mara nyingi kwenye silinda ya sita. Mpira wa bei ndogo huweza hivyo kuua injini yenye thamani kubwa.

Dizeli inapokwamia

Dizeli ya zamani yenye pampu isiyo na kompyuta ikishawaka haihitaji umeme ila wa kufungua valvu ndogo inayoruhusu mafuta kupita. Alteneta ikifa mchana, gari litafika nyumbani. Betri ikifa, gari huweza kuwashwa kwa kulisukuma au kuliteremsha mlimani, mradi valvu ile ipate umeme kidogo. Distribyuta haipo, kwa hiyo maji ya mto hayana cha kulowesha. Hii ndiyo sifa iliyoipa dizeli jina porini.

Sifa hiyo isimfanye dereva ajione salama kwenye maji ya kina kirefu. Maji yakivutwa kupitia njia ya hewa hadi ndani ya silinda, hayabaniki, na mikono ya pistoni hupinda. Dizeli huumia zaidi kwa sababu nafasi inayobaki juu ya pistoni ni ndogo mno, na kwa kuwa haizimiki mapema kama petroli, huendelea kuvuta maji. Mkonga unaopandisha mdomo wa hewa hadi usawa wa paa husaidia ikiwa tu viungo vyake vimezibwa vizuri.

Udhaifu wa dizeli uko kwenye mafuta, na hasa kwenye pampu na nozeli. Pampu ya mzunguko ya 1HZ hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Nozeli zake hufunguka kwa msukumo wa takribani baa 150, na vipande vyake vimechongwa kwa vipimo vya sehemu ndogo sana za milimita. Maji yakiingia, hutia kutu. Vumbi likipita filta, hukwaruza. Mafuta ya taa yakichanganywa, utelezi hupungua na pampu hujisaga.

Uchakachuaji wa namna hii una historia ndefu Afrika Mashariki, kwa sababu mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko dizeli. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya usimamizi wa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kisha ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyohiyo. Hatari ya uchakachuaji kwa dizeli ni kwamba dereva hahisi kitu. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga na kukosa nguvu, na dereva huambiwa na injini yenyewe. Dizeli iliyochanganywa huungua vizuri tu, na ujumbe hufika baada ya miezi, pampu ikiwa imekwisha.

Kuna pia habari njema. Kuanzia Januari 2015 nchi tano za Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zilikubaliana kuingiza dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Salfa ikiungua hutoa asidi inayochafua oili na kula ringi. Kupungua kwake kumezipunguzia mzigo injini zote za dizeli, kuukuu na mpya.

Hitilafu ya dizeli, tofauti na ya petroli, kwa kawaida ni nadra na ghali. Pampu ikichoka inahitaji gereji yenye mashine ya kupimia, na gereji hizo ziko katika miji mikubwa. Hewa ikiingia kwenye mirija ya mafuta, gari halitawaka mpaka hewa itolewe kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Kazi hiyo ni nyepesi kwa anayeijua na ni usiku mzima njiani kwa asiyeijua. Hita plagi za kupasha silinda joto zikiungua, asubuhi za Mbeya au Limuru huwa za kulisukuma gari. Stata ya dizeli hutaka umeme mwingi, na betri iliyochoka ambayo ingewasha petroli haitaigeuza dizeli.

1HZ pia hutumia mkanda wa taimingi, ambao kwa tahadhari hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugonga pistoni. Gari lisilo na kumbukumbu ya kubadilishwa mkanda lihesabiwe kuwa mkanda wake umekwisha.

Joto, adui wa wote

Injini nyingi kuukuu zilizokufa kabla ya wakati hazikuuawa na petroli wala dizeli. Ziliuawa na kuchemka. Miinuko ya Kitonga mkoani Iringa na Sekenke mkoani Singida imeyafichua marejeta mengi yaliyoziba. Gari lililojaa abiria na mizigo hupanda polepole, hewa inayopita kwenye rejeta huwa kidogo, na klachi ya feni iliyochoka huiacha feni ikizunguka bila nguvu.

Katika jambo hili aina ya chuma ina maana kuliko aina ya mafuta. Hedi ya 1HZ ni ya chuma cha kusubu, nayo huvumilia. Hata hivyo, hupasuka kwenye vyumba vidogo vya kuwashia mafuta endapo injini itachemka mara kwa mara, au endapo mmiliki atafunga turbo ya nje na kuongeza mafuta bila kiasi. Hedi ya 1FZ-FE ni ya aluminiamu: hupinda, lakini huweza kusawazishwa kwenye mashine. Hedi ya 1KZ-TE, dizeli ya lita 3.0 iliyofungwa katika Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990, nayo ni ya aluminiamu, na inabeba mbano wa dizeli na joto la turbo kwa pamoja. Kupasuka kwa hedi hizo ni jambo ambalo kila fundi wa Prado analijua.

Mazoea mawili ya gereji huongeza madhara. La kwanza ni kutoa themostati kwa imani kwamba injini itapoa. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto lake, na wakati huo wote mafuta hayaungui vizuri na ringi zinalika. Themostati ikiwa mbovu, dawa ni kuweka mpya. La pili ni kujaza maji ya bomba peke yake. Maji hutia kutu ndani ya bloku, kutu huziba rejeta, na gari huchemka mwaka unaofuata. Kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu ni nafuu kuliko hedi.

Dizeli si moja

Anayesema dizeli ni ngumu mara nyingi ana picha ya 1HZ, au ya TD42 ya Nissan Patrol, dizeli nyingine ya lita 4.2 yenye silinda sita na gia za chuma badala ya mkanda wa taimingi. Sifa za injini hizo hazihamii kwa kila gari lenye kibandiko cha dizeli.

Kizazi cha pili kilileta turbo. 1HD-T ina nguvu ya kupendeza, lakini zile za mwanzo zilijulikana kwa kuchakaza beringi za mikono ya pistoni, na wamiliki makini huzibadilisha kabla hazijaleta madhara. Turbo yenyewe hutaka oili safi na muda wa kupoa baada ya mwendo mrefu. 300Tdi ya Land Rover, yenye lita 2.5, ni rahisi kutengeneza na ina marafiki wengi mashambani. Zile za awali zilikuwa na tatizo la kula mkanda wa taimingi ambalo baadaye lilipatiwa vifaa vya kulirekebisha.

Kizazi cha tatu kilikabidhi pampu kwa kompyuta, na cha nne kikaleta mfumo wa reli moja ya mafuta yenye msukumo mkubwa. 1KD-FTV ya lita 3.0, iliyorithi nafasi ya 1KZ-TE kuanzia 2000, hunyunyiza kwa zaidi ya baa 1,300. Kwa msukumo huo, tone la maji au chembe ya vumbi huweza kuharibu nozeli, na nozeli inayovuja hutoboa au kupasua pistoni. ZD30 ya Nissan, nayo ya lita 3.0, ilipata sifa mbaya ya kuvunja pistoni katika Patrol za mwanzo. Injini hizi hutumia mafuta kidogo na huenda vizuri zikiwa changa na zikinyweshwa dizeli safi. Zikizeeka mikononi mwa wamiliki kadhaa, hupoteza faida ya dizeli ya kale, yaani kutohitaji umeme, bila kupata urahisi wa petroli.

Kwa hiyo mpaka wa kutegemewa haupiti kati ya petroli na dizeli pekee. Dizeli isiyo na turbo wala kompyuta iko juu ya orodha. Inafuatiwa na petroli za kawaida zenye cheni, kama 1FZ-FE na 3RZ-FE ya lita 2.7 ya silinda nne. Kisha huja dizeli zenye turbo na pampu ya kawaida. Mwisho kabisa, kwa gari lenye umri mkubwa na historia isiyojulikana, huja dizeli za kompyuta.

Hesabu ya gharama

Dizeli hurudisha fedha kwenye kituo cha mafuta. Land Cruiser yenye 1HZ ikiendeshwa kwa utulivu hutembea karibu kilomita 8 kwa lita; yenye 1FZ-FE, kama kilomita 5.5. Kwa mwaka wa kilomita 10,000, ya kwanza hunywa lita 1,250 na ya pili lita 1,820. Pengo ni lita 570. Kwa mwendeshaji wa utalii anayetembea kilomita 40,000 kwa mwaka, pengo huwa zaidi ya lita 2,200, na fedha hizo hulipa matengenezo ya pampu na kubakisha. Kwa mwenye gari la familia linalotembea kilomita 4,000 kwa mwaka, pengo ni lita 230 tu. Akiba hiyo huweza kumezwa na bei ya juu ya kununulia dizeli, betri mbili badala ya moja kwa baadhi ya magari, na oili nyingi zaidi.

Kwa safari za mbali, umbali wa tangi moja ni sehemu ya kutokwama. Tangi la lita 95 humfikisha mwenye dizeli kilomita 760, na mwenye petroli kilomita 520. Mahali ambapo kituo kimoja kiko mbali na kingine, au ambapo mafuta huuzwa kwenye madebe, tofauti hiyo humwokoa dereva na mafuta asiyoyaamini.

Kukagua kabla ya kununua

Magari mengi ya dizeli yaliyofika Afrika Mashariki yalitoka Japani, hasa baada ya sheria za moshi kuyabana katika miji mikubwa ya huko. Tokyo ilianza kuzuia dizeli chafu Oktoba 2003. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, kwa hiyo gari kuukuu linalouzwa Kenya limeshaishi miaka mingi kwenye barabara za nchi hiyo. Namba ya kilomita kwenye dashibodi si ushahidi. Ushahidi uko kwenye injini.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyeiwasha kabla ya mnunuzi kufika huenda anaficha hita plagi mbovu au mgandamizo hafifu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usioisha baada ya injini kupata joto ni dizeli isiyoungua, au maji yanayoingia kwenye silinda. Moshi mweusi kwenye dizeli ni mafuta mengi kuliko hewa, na mara nyingi huponywa na filta ya hewa au nozeli mpya. Kifuniko cha oili kikifunguliwa injini ikiunguruma, upepo mkali unaosukuma nje huashiria ringi zilizochoka. Mapovu yasiyokatika kwenye rejeta huashiria gasketi au hedi iliyopasuka. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto.

Baada ya macho na masikio, kipimo cha mgandamizo ndicho hakimu. 1FZ-FE nzima husoma takribani baa 12 kila silinda, na tofauti kati ya silinda isizidi baa 1. 1HZ nzima husoma zaidi ya baa 30, na tofauti isizidi baa 5. Geji ya petroli haiwezi kupima dizeli, itapasuka. Muuzaji anayekataa kipimo hiki amekwisha kujibu swali.

Uamuzi

Kwa kazi ya kila siku mbali na mji, kwa mizigo mizito, kwa tope na mito, na kwa dereva anayejua kuondoa maji yaliyokusanyika kwenye filta na kutoa hewa kwenye mirija, dizeli isiyo na turbo wala kompyuta ndiyo ya kuchagua, hata kama haina mbio. Kwa anayeishi mjini na kwenda kijijini mara chache kwa mwaka, petroli yenye cheni ya taimingi ni salama zaidi kwa mfuko na kwa safari, kwa kuwa hitilafu zake ni ndogo na fundi wake yuko kila mahali. Dizeli ya kompyuta iliyozeeka inunuliwe tu ikiwa kumbukumbu zake za matengenezo zipo na nozeli zake zimepimwa. Na ikitokea uchaguzi ni kati ya petroli iliyotunzwa na dizeli ambayo hakuna anayejua ilivyoendeshwa, inunuliwe petroli iliyotunzwa.